Naungana na Waliotangulia

Jumamosi, 12 Julai

Kikao tena. Nimerudi kichwa kinagonga.

Nimempakata binti yangu Mwanaidi mwanzo hadi mwisho, mguu umekufa ganzi. Mama Eliya ameongea. Akamaliza, akaongea tena. Halafu akauliza, "Jamani, si tumekubaliana?" Watu wakaitikia ndiyo. Tumekubaliana nini, sijui. Nilikuwa namfuta mtoto mate.

Najua kituo ni chake. Ni yeye aliyezunguka Lushoto nzima akitafuta chumba cha watoto wetu wenye ulemavu, ni yeye aliyegombana na mwenye nyumba mpaka tukawekewa mlango unaopitisha kiti cha magurudumu. Kabla ya hapo kila mzazi alikuwa amejifungia ndani na mtoto wake kama mwizi. Namheshimu. Lakini kuwa mwenyekiti si kumeza midomo ya watu wote.

Kuna kitu kimoja nimekisikia vizuri. Shirika lililotuletea viti linatoa mafunzo ya kuendesha vikao, na kila kikundi kipeleke mtu mmoja. Mama Eliya akaninyooshea kidole. "Aende Mama Mwanaidi, yeye ana kidato cha nne." Wakapiga makofi.

Hakuna aliyeniuliza. Nina nguo za harusi za watu mezani, cherehani inakata uzi, mtoto ana miaka tisa na sasa ni mzito kunishinda. Na mimi nikanyamaza. Nina hasira.

Alhamisi, 17 Julai

Mafunzo, siku ya kwanza. Ukumbi wa hosteli una baridi ya kuuma mifupa. Nimemwacha Mwanaidi kituoni kwenye zamu ya Mama Latifa.

Mwalimu anaitwa Bi Flora. Mfupi, ana sweta la kijani, hapazi sauti hata kidogo. Jambo lenyewe linaitwa sosiokrasia. Jina la kumkwama mtu kooni. Kwa ufupi: mnakaa duara, kila mtu anasema kwa zamu yake, hakuna kudakia. Hampigi kura. Mtu akileta pendekezo, kwanza mnauliza maswali ya kuelewa, kisha kila mmoja anasema analionaje, kisha mwezeshaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Pingamizi likiwepo halizimwi. Linasikilizwa, pendekezo linarekebishwa. Na si lazima uamuzi uwe mzuri kuliko yote duniani. Uwe unatosha kwa sasa na si hatari kuujaribu.

Nikawaza: huyu mama hajawahi kukaa kikao cha Washambaa.

Asubuhi kabla ya yote alituzungukia na swali, "Umeamkaje leo, kweli?" Lilipofika kwangu nikasema salama. Akangoja. Nikasema salama tena. Bado akangoja. Yote hayo mbele ya watu nisiowajua. Nimekasirika mpaka sasa. Ana haki gani?

Ijumaa, 18 Julai

Leo zoezi. Nimeendesha kikao cha kuigiza: kikundi kinataka kununua mbuzi. Nilidhani nimefanya vizuri. Bi Flora akasema mbele ya wote, "Zaituni, unawauliza watu swali huku jibu umeshalishika mkononi. Wanaliona."

Nilitamani kutoka.

Jumamosi, 26 Julai

Aibu tupu.

Nilipanga viti duara mapema, nikafurahi kama mjinga. Mama Eliya akaingia, akakivuta chake mpaka mbele kwenye ubao, akakaa anatutazama. Nikamwambia, "Shikamoo mama, leo tunakaa wote sawa." Akasema marahaba na hakusogea.

Nikaanza mzunguko. Wa kwanza, Mama Latifa, akasema mawili matatu. Wa pili: "Mimi naungana na aliyetangulia." Wa tatu: "Naungana na waliotangulia." Wa nne, wa tano, hivyohivyo, kama watu wanaohesabu kondoo. Baba Shukuru wa Magamba, mwanaume pekee katika kikundi, alitikisa kichwa tu na kumfunika mwanawe shuka. Na kila mtu akimaliza, Mama Eliya anamtafsiria: "Anachomaanisha ni kwamba..." Hata mimi alinitafsiri!

Halafu akatoboa habari aliyokuja nayo. Kuna nyumba ya kulelea watoto, Muheza, iko tayari kuwapokea watoto wetu wote. Walale huko, wahudumiwe, mazoezi ya viungo kila siku, warudi likizo. Wanataka jibu kabla mwezi wa nane haujaisha. Yeye mwenyewe hataki. Kasema, "Hatukujenga kituo ili tuwatupe watoto," akafunga kikao kwa sala.

Kuwatupa. Neno hilo limeniingia kama sindano ya cherehani.

Jumapili, 27 Julai

Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia.

Nataka aende.

Nataka Mwanaidi aende Muheza. Mgongo wangu umekwisha. Simalizi kazi ya mtu hata moja kwa wakati. Baba yake yuko Korogwe na mke mwingine na watoto wanaotembea, akipiga simu anauliza, "Binti yangu anaendeleaje?" kama anayeulizia hali ya hewa. Miaka tisa nimebeba, nimeosha, nimelisha. Nampenda hadi naumwa. Na nataka aende.

Huyo mama mwenye mdomo mkubwa hatanizibia njia hii. Haki ya Mungu, hatanizibia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Bi Flora. Nimemwambia duara lake halifai huku kwetu, watu wanaungana na waliotangulia mpaka mwisho.

Hakubishana. Akauliza nani huwa anaanza kusema. Anayekaa karibu na mwenyekiti. Basi anzia upande mwingine, akasema, na kila mzunguko anzia kwa mtu tofauti. Usiwaulize "mnaonaje", swali hilo halina mpini. Uliza kitu anachokijua mtu mwenyewe: wewe na mtoto wako, jambo hili litabadilisha nini nyumbani? Na waache waseme Kishambaa.

Hilo la mwisho limenichoma. Wote tunaongea Kishambaa majumbani. Kwenye kikao tunavaa Kiswahili kama viatu vya kuazima. Kwa nini sikuliona mwenyewe?

Hakuniuliza mimi nataka nini kuhusu Muheza. Sikumwambia.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kulala mchana, siwezi kushona. Niandike.

Kikao kilianza vizuri kupita nilivyoota. Nilifunika ubao kwa kitambaa, kwa hiyo Mama Eliya hakuwa na mbele ya kukaa. Nikasema leo kila mtu aongee lugha anayotaka. Nikaanzia kwa mama wa pale mwisho ambaye sijawahi kusikia sauti yake. Akaongea! Kwa Kishambaa, haraka haraka, kuhusu mwanawe anavyolia usiku na jirani anavyogonga ukuta. Watu wakacheka, wakalia kidogo. Mama Eliya akafungua mdomo kumtafsiria. Nikainua mkono: "Mama, zamu yako bado." Akafunga. Nilisikia utamu mwilini. Utamu mbaya.

Maswali ya kuelewa yakaisha. Maoni yakaisha. Wengi wamechoka kama mimi, ila walilizunguka neno hilo. Nikasoma pendekezo: tukubali nafasi ya Muheza, kituo kifungwe. Nikaanza kuuliza mmoja mmoja kama ana pingamizi. Hapana. Hapana. Mama Latifa, hapana. Nikafika kwa Mama Eliya nikiwa nimejiandaa kwa vita. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema taratibu, "Kama ndivyo mnavyochoka, na mimi sikuwa najua, sina pingamizi."

Nimeshinda, nikawaza. Ndivyo nilivyowaza, nimeshinda.

Amebaki Baba Shukuru. Nilikuwa tayari nimemgeukia Mama Latifa kumwambia aandike. Akasema, "Mimi sitaki."

Nikamwambia pingamizi linahitaji sababu. Kanuni ndivyo inavyosema. Akasema, "Sababu sina. Sitaki tu." Nikamwambia, "Baba Shukuru, wenzako wote wameridhia. Huwezi kuwazuia watu kwa 'sitaki tu'. Unaona watoto wataharibikiwa nini huko? Chakula? Matunzo? Sema." Akaangalia chini. Nikarudia. Nikarudia tena, kwa Kishambaa, kama hakimu. Midomo yake ilicheza lakini halikutoka neno. Eliya akawa anagonga gonga meza ya kiti chake.

Baba Shukuru akasimama, akamfunga mwanawe mgongoni kwa kanga, kanga ya kike, akatoka. Nje manyunyu na ukungu. Magamba kwa miguu, na mtoto wa miaka saba mgongoni.

Hakuna aliyeniangalia usoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Namkasirikia. Mwanaume mzima. Si aseme! Duara lote limetengenezwa ili watu kama yeye waseme, halafu anafika pale anakuwa bubu. Mtu mmoja anatufunga miguu wote.

Jioni nimempigia Bi Flora nikamweleza kila kitu, nikitegemea aniambie pingamizi lisilo na sababu halihesabiki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Zaituni, wewe Muheza unaitaka?"

Nikakata simu.

Jumanne, 12 Agosti

Ndiyo, naitaka. Na nilikuwa nimeshika kikao. Nilimnyamazisha Mama Eliya kwa kanuni, nikampiga Baba Shukuru kwa kanuni hiyohiyo. Mama Eliya angalau anapiga domo waziwazi.

Nimekosea kukata suruali ya mteja. Mguu mmoja mfupi. Nimeitupa ukutani. Mwanaidi akacheka, akidhani ni mchezo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepanda Magamba. Nimemkuta Baba Shukuru shambani anapalilia karoti, Shukuru amekalishwa kwenye gunia lililojazwa majani makavu, mtoto anatazama wingu.

Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nikasema tu, "Nimekuja kuomba radhi. Nilikufanyia vibaya."

Akasema, "Pole na njia." Akaendelea na jembe. Nikachuchumaa nikaanza kung'oa magugu, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Tulimaliza tuta zima.

Halafu akaongea, bila kuniangalia. "Uliniuliza watoto wataharibikiwa nini. Hawataharibikiwa. Nimeambiwa pale ni pazuri. Shukuru atanenepa."

"Sasa?"

"Sasa mama yake amekufa, unajua. Dada zake wameolewa. Nikitoka shamba nikifika nyumbani, ni yeye. Nikisema jambo, anacheka. Ningesemaje hilo mbele ya akina mama? Kwamba mtoto asiende kwenye mazoezi kwa sababu baba yake ataogopa nyumba?"

Nikamwambia mimi nataka Mwanaidi aende kwa sababu nimechoka mpaka wakati mwingine nachukia kumsikia ananiita, na hilo sijamwambia mtu. Akaacha jembe. Hakushtuka. Akasema, "Kumbe na wewe hukusema sababu yako."

Nimeshuka na karoti za kunishinda kubeba. Njia nzima nilikuwa na hasira, ila sikujua tena naipeleka wapi.

Jumamosi, 23 Agosti

Kabla ya kikao nilikwenda kwa Mama Eliya. Nikamwambia jambo la Muheza siwezi kuliendesha, nina upande. Nataka nikae kama mzazi. Aendeshe yeye. Akanitazama kama naugua. "Mimi? Si ulisema naongea sana?" Sikuwahi kumwambia hivyo kwa mdomo. "Unaongea sana, mama," nikasema. "Ndiyo maana. Anayeendesha hatoi maoni." Alicheka mpaka akashika mlango.

Mwanzo aliharibu. Alimkata mama wa kule mwisho, mara mbili. Nikamnong'oneza, akajipiga mdomo kwa kiganja, watu wakacheka. Baada ya hapo aliuma kidole kabisa. Namwona alivyoteseka! Lakini alingoja. Kila mtu alipomaliza, alingoja kidogo tena, na katika ule ungojeaji watu wakawa wanaongeza kile walichokuwa wameficha.

Zamu yangu ilipofika nikasema. Nimechoka. Naitaka Muheza kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Nikadhani wataniita mama gani huyu. Mama wa pembeni yangu akasema, "Na mimi." Hakusema naungana na aliyetangulia. Alisema na mimi, akaeleza zake, mpaka mwisho. Halafu mwingine.

Baba Shukuru akasema yake yote, kwa Kishambaa, akiwa ameinamia kichwa cha mwanawe. Hakuna aliyecheka. Mama Latifa alilia.

Mama Eliya akakuna kichwa. Akasema, kwa jinsi anavyosikia, wengine wanataka kupumzika na wengine hawataki kuachwa. Hakutafsiri, aliuliza: "Nimesikia sawa?" Akaomba pendekezo. Likaja kwa vipande, kila mtu na chake. Kituo kisifungwe. Anayetaka kumpeleka mtoto Muheza ampeleke, hakuna kuambiwa amemtupa. Tunaobaki tugawane wawiliwawili, kila familia impokee mtoto wa mwenzake toka Ijumaa hadi Jumapili, kwa zamu, ili mwenzake apumzike. Tujaribu mpaka mwisho wa mwaka, tukae tena tuangalie.

Mzunguko wa pingamizi. Mama wa kule mwisho alikuwa nalo: mwanawe anapaliwa, hampi mtu asiyejua kumlisha. Hatukumuuliza maswali ya hakimu. Tukaongeza: kwanza mnashinda pamoja, mnafundishana, ndipo mtoto alale. Akasema sasa hana.

Nimepangwa na Mama Eliya. Bila shaka. Nimepangwa na Mama Eliya!

Ijumaa, 29 Agosti

Muheza wamejibu. Walitaka watoto wote au hakuna mpango wa kikundi. Mmoja mmoja anaweza kuomba, atasubiri kwenye foleni. Nimechemka. Kwa nini wasiseme toka mwanzo? Kwa nini tulikwaruzana hivi? Nafasi ile ilikuwa mlango, na nimeusukuma ukafungwa kwa mkono wangu.

Mama Latifa ameshaomba. Anasubiri. Amesema haoni aibu, na asione.

Mimi sijaomba. Sijui kama ni ujasiri au uchovu wa kujaza makaratasi. Leo nina hasira na kila mtu: Muheza, baba yake Mwanaidi kule Korogwe, mteja wa suruali, mvua hii isiyonyesha wala kuacha. Mama Eliya amekuja kujifunza kumlisha Mwanaidi. Ameongea toka mlangoni mpaka kijiko cha mwisho. Mwanaidi alimkodolea macho, akala yote.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilimpeleka jana jioni. Nguo, nepi, mto wake wa shingo, dawa. Nilieleza mara ya pili yale niliyokwisha eleza. Mama Eliya akasema, "Mama Mwanaidi, zamu yako imekwisha," akafunga mlango.

Usiku niliamka kumgeuza, nikashika shuka tupu. Nikakaa kidogo. Nikalala tena, mpaka jua limetoka.

Asubuhi nimefua. Nimeshona suruali moja, miguu sawa. Ukungu umefunguka mapema, majabali ya Irente yote yalionekana. Jirani amepita akauliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko kwa Mama Eliya. Akasema sawa, akapita.

Mchana nilipika ugali na mboga ya kisamvu. Nikapakua, nikakaa. Hakukuwa na wa kumlisha kwanza. Nilikula ukiwa wa moto, polepole, mpaka ukaisha.